Nukta Niliyoiweka Mpapura

Mimi si mtu wa kukaa nikatulia. Mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini na kazi hiyo imemfunza kungoja, husema hata nikilala miguu yangu inatembea. Kwa hiyo nilipohamishiwa Mtwara kufundisha biolojia, mgeni kutoka Kagera, sina ndugu wala shoga, nilihitaji kitu cha kunishughulisha kabla sijaanza kugombana na majirani. Kitu hicho kikawa wadudu.

Ilianza na mdudu mmoja wa kijani, mgongo unang'aa, aliyetua ukutani darasani. Wanafunzi wakaniuliza anaitwaje. Nikawaambia tutalitafuta jina lake, ambalo ndilo jibu la mwalimu asiyejua. Jioni, nyumbani kwetu Chuno, nikawasha simu na kuanza kulitafuta kweli, kwa sababu sipendi kulala na swali. Ndipo nikaangukia kwenye kanzidata inayokusudia kuorodhesha kila aina ya mdudu duniani. Kila aina ina ukurasa wake: jina la kisayansi, nani aliielezea mara ya kwanza, picha zake, na ramani yenye nukta mahali palipoonekana.

Mdudu wangu nilimpata baada ya bando kukata mara mbili. Lakini kilichonikera ni ile ramani. Ulaya ilikuwa imejaa nukta hadi nchi hazionekani. Nairobi zipo, Arusha zipo, milima ya Usambara zipo tele. Ukishuka Lindi mpaka Ruvuma, peupe. Nilikasirika kana kwamba mtu amesema kwetu huku hakuna watu. Na siku hiyo ndiyo nilitambua kwamba nimeanza kuiita Mtwara kwetu.

Mtu yeyote anaweza kuingiza rekodi: picha, tarehe, mahali, mmea alipokutwa mdudu. Halafu wataalamu walioko huko waliko huitazama, na wakiridhika huweka alama ya kijani, rekodi ikafungwa. Ile alama ya kijani ilinilevya. Asubuhi kabla sijabandika maji ya chai nilikuwa nimeshachungulia kama kuna rekodi iliyothibitishwa usiku. Nilitoka katikati ya mazoezi ya kwaya kumfukuza nondo. Kwenye friji nilikuwa na kopo la wadudu la kuwagandisha, limekaa kando ya samaki, na mume wangu akawa anafunua kila sufuria kwa tahadhari kabla ya kupakua. Shuleni wakanibatiza Mwalimu Wadudu, jina ambalo nilijifanya silipendi.

Kati ya walioniletea wadudu alikuwemo mpishi wa shule, mama wa rika langu, mpole, anayekaa Chuno mtaa wa pili kutoka kwangu. Kwao ni kijiji cha Mpapura. Niliwahi kwenda naye huko mara moja, nikamkuta mama yake, mjane wa makamo aliyeanza kuzeeka, ana kitalu cha miche ya mikorosho nyuma ya nyumba. Miche imepangwa kwenye viriba vya nailoni kwa safu, imenyooka kuliko mstari wa shule yetu. Ndiyo miche ambayo wanawake wa kikundi chao hupanda mvua zinapoanza. Nilipiga picha nyingi siku ile, na simu yangu ikahifadhi mahali penyewe hadi hatua.

Mwezi wa saba, wakati wa kupalilia, mpishi akaniletea mfuko wa nailoni wenye majani matatu ya mkorosho. Chini ya majani kulikuwa na unga mweupe. Ukiutazama kwa lenzi, unga ule unatembea: vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea huku wamejivika nta kama waliomwagikiwa unga wa ngano. Nilimuuliza ameyatoa wapi, penseli tayari mkononi. Akasema ameyatoa kwenye mkorosho wa mama. Nikaandika Mpapura, nikavuta vipimo vya mahali kutoka kwenye picha zangu za kitaluni, nikatuma.

Swali la pili sikuuliza. Mimi ambaye kila siku nawaimbia wanafunzi kwamba kuuliza si ujinga.

Mtaalamu mmoja wa nchi ambayo sitaiona maishani akaomba picha zaidi, kisha akaomba wadudu wenyewe ndani ya spiriti. Nikampelekea kwa posta. Mwezi wa kumi alama ya kijani ikatokea, na chini yake maelezo kwamba aina hii haikuwa imewahi kuonekana Tanzania. Nilicheza jikoni peke yangu. Mkuu wa shule akatangaza mstarini, walimu wakapiga makofi, na mpishi naye alitoka jikoni akapiga makofi pamoja nao. Nukta yangu ilikuwa peke yake kwenye ramani, nyekundu, juu ya Mpapura. Niliitazama siku nzima kama mtu aliyenunua kiwanja.

Mwezi wa kumi na moja mpishi akaacha kunisalimu. Chai yangu alikuwa anaiweka mezani na kuondoka. Siku ya kwanza nilidhani amechoka, siku ya pili nilikasirika, siku ya tatu nikamfuata jikoni nikamzibia njia.

"Mwalimu," akasema bila kunitazama, "umemfungia mama."

Wakaguzi wa mimea walikuwa wamefika kwa mama yake na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kanzidata. Kwenye karatasi kulikuwa na ramani, na kwenye ramani nukta, na nukta ilikuwa juu ya kitalu. Wakazungusha utepe. Hakuna mche kutoka mpaka sampuli zipimwe, na majibu huenda yakaja mwezi wa pili. Mvua zetu huanza mwezi wa kumi na mbili. Mche wa mkorosho ukikawia kwenye kiriba mizizi hujikunja, na ukiupanda mvua zimekwisha unakuwa umepanda kijiti. Wanawake wa kikundi walikuwa wameshachimba mashimo.

Niliona aibu, na kwa kuwa nina hasira za karibu, aibu ikageuka kuwa ubishi. Nikajiambia mdudu ni mdudu. Kama yupo kitaluni, wakaguzi wamefanya sawa, na mimi nimefanya sawa zaidi. Nilijiambia hivyo njia nzima Jumamosi nikiwa juu ya bodaboda kwenda Mpapura.

Mama yake mpishi alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji ya kunywa, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana. Nikaomba kuangalia. Nilipiga magoti nikafunua jani la kila mche, safu hadi safu. Safi. Nikahamia kwenye mikorosho yake mikubwa iliyozunguka nyumba, nikapanda hadi matawini, maji moto wakaning'ata shingoni, maana sisimizi wale wekundu hawana mgeni. Huko nako safi. Nikarudi nimevimba, nikamuuliza majani yale matatu aliyonipelekea binti yake yalitoka mti gani.

"Nkorosho wangu," akasema. Kiswahili chake kina ladha ya Kimakonde.

"Upi, mama?"

"Wa Kilambo. Nti wangu uko Kilambo, kila ntu anajua."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kilambo ni kule mtoni, kwenye kivuko cha kwendea Msumbiji. Ndiko alikoolewa mara ya kwanza, akaachwa, akarudi kwao. Kwetu Kagera mwenye kibanja ndiye mwenye mgomba. Ukiondoka kwenye ardhi umeondoka na yote. Huku aliyepanda ndiye mwenye mti, hata kama ardhi ni ya mwingine, hata kama ameachika, hata kama amehamia upande wa pili wa wilaya. Mtu wa hapa akisikia mkorosho wa fulani huuliza umesimama wapi, kwa sababu anajua si lazima uwe kwake. Mpishi alikuwa amekwenda na mama yake kuupalilia, akanikumbuka, akachuma majani. Alinijibu kweli tupu. Haraka ilikuwa yangu.

Nilidhani kusahihisha ni kubonyeza tu. Kumbe rekodi ikishafungwa hata aliyeiweka hawezi kuigusa. Lazima uwaandikie wahariri, na uambatanishe picha mpya zilizopigwa mahali penyewe, mdudu akiwa juu ya mti. Sikutaka kungoja Jumamosi nyingine. Kesho yake, Jumapili, niliiacha kwaya iimbe bila mimi, tukachukua bodaboda mbili, mimi na yule mama, mpaka Kilambo.

Shamba lilikuwa karibu na barabara inayoshuka kivukoni. Kibarazani alikaa mwanamume mzee kidogo, ameanika korosho kwenye jamvi. Alikuwa ndugu wa yule mume wa zamani, ambaye amekwishafariki. Yule mama alipita mbele yake bila kusimama.

"Umekuja kwa nti wako," mwanamume akasema.

"Nimekuja."

Basi. Hakuinuka, wala hakutukaribisha, wala hakutuzuia.

Mti ulikuwa mkubwa, matawi yamelala mpaka chini, na chini ya majani vidung'ata walikuwa wamejaa hadi vikonyo vimepauka. Nikiri kwamba kwa dakika kama mbili nilifurahi. Nilipiga picha kwa pupa, jani, tawi, shina, mti mzima, nikachukua vipimo. Nikamwita yule mama anishikie tawi, hakuja. Nilipogeuka nilimwona hatua chache nyuma ya shina, ameinama, anang'oa majani kwa mkono kwenye kipande kidogo cha ardhi kilichozungushiwa mawe.

Sikuhitaji kuuliza, lakini safari hii niliuliza. Alikuwa mtoto wake wa kwanza. Aliishi miezi saba. Mkorosho aliupanda msimu aliozaliwa mtoto, na mtoto alipofariki wakamzika karibu yake. Baada ya talaka ukoo wa mume haukutaka kuiona sura yake hapo, na ugomvi ule haujaisha hadi leo. Lakini mti ni wake, na hakuna anayeweza kumzuia mtu kwenda kwenye mti wake. Kwa hiyo kila mwaka amekuja mara mbili, wakati wa kupalilia na wakati wa kuokota. Korosho zenyewe, aliniambia, humalizika kwa kugawia watoto njiani.

Hapo ndipo nilipoielewa simu niliyoishika. Nukta ikihama kutoka Mpapura, itakuja hapa. Wakaguzi nao watakuja hapa, na mti mmoja uliojaa mdudu mgeni hauwekewi utepe. Hukatwa na kuchomwa.

Nilimweleza yote, maana nilishajifunza gharama ya kunyamaza. Nikamwambia pia kwamba kuna njia nyingine. Kanzidata inaruhusu kuficha mahali halisi: nukta hugeuka kuwa duara pana linalofunika vijiji vingi, na hakuna atakayejua ni mti gani. Niliisema kwa sauti ya chini kama mtu anayefundisha wizi.

Akauliza, na kitalu je? Nikasema duara hilo litaifunika Mpapura pia, kitalu kitabaki kimefungwa.

Aliacha kung'oa majani, akautazama mti. Nilihama mguu huu, nikahamia ule. Malori yalikuwa yananguruma barabarani.

"Wenzangu wameshachimba mashimo," akasema hatimaye. "Peleka."

"Na mtoto, mama?"

"Ntoto hayuko juu ya nti, mwalimu."

Akarudi kung'oa majani. Nilitaka kulia, lakini niliona sina haki ya kulia kabla yake.

Hata kutuma kwenyewe hakukuwa rahisi. Mtoni pale simu ilikuwa imeshadakwa na mtandao wa ng'ambo, ikanikaribisha Msumbiji kwa Kireno na kulila salio langu lote. Ikabidi nirudi juu barabarani kutafuta mtandao wa kwetu na duka la vocha. Njiani nilibadili nia mara mbili. Nilitamani mtandao usipatikane, ili lawama iwe ya mtandao. Ukapatikana. Nikabonyeza.

Kisha ikawa kungoja. Niliitazama simu darasani, jambo ambalo nawachapia wanafunzi. Kila alasiri nilikwenda ofisi ya wakaguzi, na afisa mmoja, kijana mstaarabu anayevumilia kelele, akawa ananijibu kwamba hawezi kufungua kitalu kwa maneno yangu. Karatasi ilitoka kwenye kanzidata, basi isahihishwe huko. Nikamwambia aliyeiweka nukta ni mimi. Akaniambia ndiyo maana, mwalimu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Msangamkuu, na kila yalipotawanyika mimi peke yangu mjini nilishukuru joto.

Siku ya tisa nukta ilihama. Niliiona asubuhi nikiwa nimesimama jikoni, na sikucheza. Afisa akatimiza neno lake, kitalu kikafunguliwa siku ileile. Miche mingine ilikuwa imeshajikunja mizizi, lakini mingi ilitoka, na mvua ya kwanza iliikuta ardhini. Mpishi akaanza tena kunisalimu. Wiki iliyofuata msumeno wa mafuta ulikwenda Kilambo. Mti ukakatwa, ukachomwa palepale, na kisiki kikang'olewa ili kisichipue. Yule mama hakwenda kutazama. Mimi nilikuwa nasimamia mtihani, na nilikubali kwa furaha ya mwoga kwamba sikuweza kutoka.

Ukafika tena msimu wa kupalilia. Mpishi aliniambia, tukiwa tunachambua mchele jikoni, kwamba mama yake amenoa jembe kama kawaida yake ya kila mwaka, kisha akaliegemeza ukutani, na pale limekaa. Hana tena cha kumpeleka kule. Nikamuuliza kwa nini asiende tu, kaburi ni la mwanawe. Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni, akasema, "Ataingia kwa kitu gani, mwalimu?"

Siku ile sikulala vizuri, nikageukageuka mpaka mume wangu akahamia kwenye kochi. Asubuhi nikamwandikia yule mtaalamu wa mbali kumuuliza kama angependa kujua iwapo vidung'ata walienea kwenye mikorosho ya jirani. Alijibu kwamba angependa sana. Nikaenda Mpapura nikamwambia yule mama kwamba nina kazi Kilambo na nahitaji mtu anayelijua shamba. Alichukua jembe.

Safari hii mwanamume wa kibarazani aliinuka. Alikuja mpaka ukingoni mwa shamba akasimama katikati ya njia.

"Mna shida gani?" akauliza.

Yule mama alitazama mpini wa jembe lake. Nikasema tumekuja kuangalia wadudu.

"Wadudu gani tena? Si mliwachoma pamoja na nti?"

"Nataka kuona kama wamehamia kwenye mikorosho yako," nikasema. "Huyu mama ni msaidizi wangu."

Alimtazama msaidizi wangu, akalitazama jembe, ambalo halina kazi yoyote kwa mtu anayetafuta vidung'ata. Nilijua kwamba anajua. Akasogea pembeni.

"Msichelewe," akasema.

Yule mama alikwenda moja kwa moja kwenye mawe yake. Pale ulipokuwa mti pamebaki shimo lililojaa majani makavu na jivu, akalizunguka, akaanza kupalilia polepole. Mimi nikachukua lenzi nikaanza na mkorosho wa kwanza. Nilifunua majani ya matawi ya chini, nikahamia ya juu, nikaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Sikuona kidung'ata hata mmoja. Kwa mwendo wangu kazi yote haikufika hata saa moja, na yule mama alikuwa bado hajafika nusu. Nikarudi kwenye mkorosho wa kwanza, nikaanza upya, jani moja baada ya jingine.

Mwanamume akauliza kutoka kibarazani kama tumemaliza. Nikamwambia bado.